Cork ni zaidi ya jiwe la kubusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala yenu ya safari iliyowashauri waendao Ayalandi walale Dublin, wadamke kupanda basi la watalii, wakabusu jiwe la Blarney, lile la kasri lililo karibu na Cork, wapite Cork mjini, kusini mwa nchi, kwa saa moja na kurudi Dublin usiku huohuo. Kutoka Dublin hadi Cork ni kiasi cha kilomita 260, tena hapo ni kwenda tu. Siku nzima inaishia barabarani. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba abiria wa basi hilo anarudi bila kuiona bandari, na Cork bila bandari haieleweki. Siagi iliyoutajirisha mji, wafungwa waliopelekwa Australia, wahamiaji waliokimbia njaa, askari wa Uingereza waliokalia ngome zao hadi 1938, wote walipitia maji yaleyale.

Nianze na jambo linalowakwamisha wengi kabla hata ya kukata tiketi. Jamhuri ya Ayalandi haimo katika eneo la Schengen. Mkenya au Mtanzania mwenye viza ya Schengen, au ya Uingereza, haingii Cork kwa viza hiyo. Anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, inayoombwa kwa fomu ya mtandaoni kisha nyaraka zikawasilishwa. Anayebadilisha ndege London aulize mapema habari ya viza ya kupita. Fedha ni yuro; pauni zinatumika Ayalandi ya Kaskazini. Ukishafika Dublin, treni ya Cork inaondoka kituo cha Heuston, si Connolly, na vituo hivyo viko pande tofauti za jiji, kwa hiyo aliyekosea hukosa treni. Safari inachukua takriban saa mbili na nusu hadi kituo cha Kent, na kutoka hapo unaingia mjini kwa miguu.

Kuhusu majira, mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, nawe unaweza kutembea mpaka uchoke. Desemba linazama karibu saa kumi na nusu jioni, na sehemu nyingi hupunguza saa za kufungua au hufunga siku fulani za wiki. Mvua inanyesha msimu wowote. Chukua koti la mvua lenye kofia uache mwavuli, kwa sababu upepo wa bandarini unaupindua.

Katikati ya jiji ni kisiwa. Mto Lee unagawanyika upande wa magharibi na kuungana tena mashariki, na mji wa kale ulijengwa juu ya kinamasi kilichokuwa kati ya mikono hiyo. Mitaa mipana unayoikanyaga leo, yaani St Patrick's Street, Grand Parade na South Mall, ilikuwa mifereji ya mto ambamo boti zilitia nanga, na ilifunikwa hasa katika karne ya 18. Ndiyo maana St Patrick's Street imejipinda: inafuata mkondo wa maji. Ushahidi mzuri kuliko wote uko South Mall. Tazama nyumba chache za zamani zilizobaki: mlango mkubwa uko juu, unaufikia kwa ngazi za mawe, na chini yake, usawa wa barabara, kuna mlango mwingine mfupi. Huo wa chini ulikuwa wa kupokelea mizigo moja kwa moja kutoka kwenye boti, na wa juu ulikuwa wa familia na wateja.

Hatua chache kutoka hapo ni soko linaloitwa English Market, lililoanzishwa 1788, lenye milango Grand Parade na Princes Street. Liliungua 1980 likajengwa upya. Jumapili limefungwa, na hapo ndipo wageni wengi wa wikendi wanapolikosa. Tafuta mayai yaliyopakwa siagi. Yai hupakwa likiwa bado na joto la kuku, siagi inaziba vitundu vya ganda, hewa haiingii, na yai linakaa muda mrefu. Kuna pia nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye chumvi na viungo, ambayo wenyeji hula hasa Krismasi. Asiyekula damu kwa sababu ya dini aepuke drisheen, maana ni utumbo uliojazwa damu, na kwa macho unafanana na soseji ya kawaida.

Vuka mto kwenda kaskazini, kisha upande mlima hadi mtaa wa Shandon. Kanisa la St Anne lilijengwa 1722. Pande mbili za mnara wake ni za mawe mekundu ya mchanga na mbili ni za chokaa nyeupe, kwa sababu mawe yalitolewa katika magofu mawili tofauti: ngome ya kale ya Shandon na nyumba ya watawa wa Kifransisko. Juu kabisa kuna samaki wa dhahabu anayeonyesha upepo, mwenye urefu wa zaidi ya mita 3. Saa yake ya 1847 ina nyuso nne, na wenyeji huiita mwongo wa nyuso nne kwa kuwa hazikubaliani dakika ila inapogonga saa kamili. Kengele 8 zilitengenezwa Gloucester, Uingereza, mwaka 1750, na mgeni anaruhusiwa kuzipiga mwenyewe. Kamba zimepewa namba, na kuna kadi zinazoorodhesha namba za kila wimbo. Vuta kamba moja kwa moja kuelekea chini, uiachie irudi kabla ya kushika inayofuata. Ukiziharakisha wimbo unavurugika na mtaa mzima unakusikia. Ngazi za kwenda juu ni 132, nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani vizuri. Vaa vizuia sauti vya masikioni unavyopewa pale mlangoni, maana unapita karibu kabisa na kengele.

Chini ya mnara huo ndipo lilipokuwa soko la siagi la Cork, lililoanza kusimamiwa kwa utaratibu rasmi mnamo 1770 na kufungwa 1924. Wakati wake lilikuwa kubwa kuliko masoko yote ya siagi duniani. Wakulima walileta siagi katika mapipa madogo ya mbao, kila moja likibeba kiasi cha kilo 25. Mkaguzi alichoma chombo kirefu cha chuma hadi sakafuni mwa pipa, akakitoa na mstari wa siagi kutoka juu hadi chini, ili mtu asifiche mbovu chini ya nzuri. Akaitazama rangi, akainusa, akaionja, kisha pipa likapigwa chapa ya daraja lake. Jengo la mviringo lililo jirani, Firkin Crane, la 1855, lilikuwa la kuoshea na kupimia mapipa matupu ili uzito wa mbao uondolewe kwenye bei. Makumbusho ya siagi ni madogo, lakini yana pipa la siagi ya enzi za kati iliyohifadhiwa na matope ya kinamasi, ambayo hayana hewa na yana asidi, kwa hiyo vitu haviozi.

Siagi hiyo ilitiwa chumvi nyingi kwa sababu ilikuwa inakwenda nchi za joto. Pamoja na nyama ya chumvi ya Cork, ililisha meli za Uingereza na mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Msomaji wa kwetu asiipite historia hii bila kuitazama. Oktoba 1845 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Maryland, alifika katika mji huohuo akahutubia dhidi ya utumwa, pamoja na hotuba katika hoteli ya Imperial iliyopo hadi leo South Mall. Ukitoka Shandon kwenda South Mall kwa miguu umeunganisha biashara iliyofaidika na utumwa na jukwaa lililoupinga, na ni mwendo mfupi tu.

Upande wa magharibi na kusini wa jiji unatembelewa vizuri kwa mstari mmoja, na mpangilio una faida yake. Anza na kanisa kuu la St Fin Barre, kazi ya msanifu William Burges, lililowekwa wakfu 1870. Ndani inaning'inia tufe la mzinga la wakati mji ulipozingirwa 1690. Karibu yake ni Elizabeth Fort, ngome ya nyota iliyojengwa mara ya kwanza 1601. Malkia Elizabeth I alipokufa 1603 wananchi waliibomoa, kisha ikajengwa tena kwa mawe. Kuingia ni bure, na ukutani unauona mji mzima.

Endelea hadi chuo kikuu cha Cork, kiitwacho UCC. Uwanja wa chuo ni bure, na kwenye ujia wa mawe kuna mawe 28 ya ogham, maandishi ya kwanza ya Kiayalandi, mengi yakiwa ya karne ya 5 na ya 6. Wageni hupita wakidhani ni mawe yaliyochubuka. Inama utazame pembe ya jiwe. Herufi ni mistari iliyokatwa kushoto, kulia au kuvuka pembe hiyo, mmoja hadi mitano, na unaisoma kuanzia chini kupanda juu. Yaliyoandikwa aghalabu ni majina ya watu, fulani mwana wa fulani. George Boole alikuwa profesa wa kwanza wa hisabati hapa tangu 1849 hadi alipofariki 1864, na mantiki yake ya kweli na si kweli ndiyo inayoendesha kompyuta zote. Usishangae ukiona wanafunzi wanakwepa kukanyaga nembo ya chuo iliyo chini uwanjani, kwani wanaamini akanyagaye atafeli mtihani.

Kutoka chuoni shuka Fitzgerald's Park, uone makumbusho ya jiji yasiyo na kiingilio. Hapo kuna kumbukumbu za mameya wawili wa mwaka 1920, wakati wa vita vya kudai uhuru kutoka Uingereza. Tomás Mac Curtain alipigwa risasi nyumbani kwake mwezi Machi. Aliyemrithi, Terence MacSwiney, alifariki 25 Oktoba katika gereza la Brixton, London, baada ya siku 74 za kugoma kula. Usiku wa 11 kuamkia 12 Desemba mwaka huohuo vikosi vya Uingereza viliuchoma moto mji, vikateketeza sehemu kubwa ya St Patrick's Street, ukumbi wa jiji na maktaba. Ukirudi mtaani inua macho juu ya mabango ya maduka: majengo mengi ya upande ulioungua ni ya miaka ya 1920.

Ndani ya bustani kuna daraja la waya la kupita kwa miguu linalotikisika watu wanapolipita. Vuka hapo, upande kilima hadi gereza la zamani, Cork City Gaol. Ukilianzia gereza kutoka mjini utazunguka barabara ndefu. Kupitia daraja unafupisha. Lilifunguliwa 1824 likafungwa 1923, na kuanzia 1927 redio ilirushwa kutoka ghorofa yake ya juu, ndiyo sababu kuna makumbusho ya redio ndani ya gereza. Mwanamapinduzi Constance Markievicz alifungwa hapa. Sakafu ni ya mawe na baridi yake inapenya hata mwezi Julai.

Sasa bandari, na hapa ndipo pa kutumia siku nzima. Treni ya Cobh inaondoka Kent na kufika kwa kiasi cha dakika 25. Kadi ya Leap ya nauli inafanya kazi humo na kwenye mabasi ya jiji. Angalia ubao kabla ya kupanda. Treni za Cobh na za Midleton zinatumia reli moja hadi Glounthaune, zikaachana. Ukigundua umepanda isiyo yako, teremka Glounthaune ungoje inayofuata, usiendelee mbele. Kaa upande wa kulia, kwani maji yako upande huo karibu njia nzima.

Mji wa Cobh uliitwa Queenstown tangu Malkia Victoria alipoutembelea 1849 hadi enzi za uhuru. Kati ya Waayalandi zaidi ya milioni 6 waliohama kati ya 1848 na 1950, takriban milioni 2.5 waliondokea hapa. Nje ya kituo cha treni, ambacho sehemu yake ni makumbusho ya uhamiaji, kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Waliondoka Desemba 1891, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, New York. Tazama mikono: kaka mdogo ananyoosha kidole baharini, Annie anageuka kutazama nyuma.

Titanic ilisimama hapa 11 Aprili 1912, kituo chake cha mwisho. Ilikuwa kubwa mno kuingia gatini, ikatia nanga karibu na mdomo wa bandari, na abiria 123 wakapelekwa kwa boti mbili. Wengi wao, 113, walikuwa wa daraja la tatu. Ofisi ya tiketi ya kampuni ya meli ile sasa ni makumbusho, na nyuma yake zimesalia nguzo za gati la mbao lililooza. Miaka mitatu baadaye, 7 Mei 1915, meli ya abiria Lusitania ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani mbali kidogo na pwani hii, wakafa watu wapatao 1,200. Makaburi matatu ya pamoja yako kwenye makaburi ya zamani nje ya mji, na watalii wengi hawafiki. Fika, hata kwa teksi. Kanisa kuu la St Colman lina kengele 49 zinazopigwa kwa ngumi na miguu kwenye kinanda cha mbao. Majira ya joto huwa kuna maonyesho Jumapili alasiri, na pa kusikilizia ni nje, mteremkoni.

Feri ya Spike Island, kisiwa kilicho ndani ya bandari, inaondoka gati la Kennedy palepale Cobh. Kata tiketi mapema, kwa sababu saa za kwenda na kurudi zimepangwa, na aliyefika gatini kwa kubahatisha mwezi Julai mara nyingi hukuta zimejaa. Kisiwani watawa waliishi katika karne ya 7. Baadaye Waingereza walijenga ngome ya nyota yenye pembe sita, na 1847, katikati ya njaa kuu, ikageuzwa gereza. Wengi waliofungwa walikuwa wameiba chakula au mifugo. Miaka michache baadaye idadi yao ilipita 2,300, nao wakatumwa kuchonga mawe na kujenga. Gereza hilo lilifungwa 1883, jeshi likabaki, na bendera ya Uingereza ikashushwa 11 Julai 1938, miaka 16 baada ya sehemu kubwa ya nchi kupata uhuru. Ngome ikawa gereza tena 1985, wafungwa wakafanya ghasia na kuchoma jengo mwaka huohuo, na likafungwa 2004. Tenga saa tatu na nusu pamoja na feri. Usiondoke bila kupita kwenye jengo la adhabu, lenye vyumba vya giza vya wafungwa waliofungwa minyororo.

Blarney sikatazi. Basi namba 215 linakufikisha kijijini, kama kilomita 8 kutoka mjini. Kasri la sasa ni la 1446, la ukoo wa MacCarthy. Fika lango linapofunguliwa, kwa sababu mabasi ya kutoka Dublin hufika baadaye, na foleni ya ngazi 128 huweza kuzidi saa nzima. Jiwe liko upande wa nje wa ukuta, chini ya kilele. Unalala chali, unashika vyuma viwili na kuinamisha kichwa nyuma huku mtumishi akikushikilia. Toa simu, sarafu na miwani kwanza. Mwenye shida ya mgongo au kizunguzungu asipande kwa ajili ya picha. Bustani ndiyo inayolipa kiingilio chake. Ipo ya mimea yenye sumu, na miongoni mwake utaikuta mbarika tunayoiona kando ya njia huku kwetu.

Mji wa Kinsale uko kiasi cha kilomita 25 kusini, kwa basi namba 226 linalopitia uwanja wa ndege. Ngome ya Charles Fort haipo mjini. Ni mwendo wa kilomita 3 kwa njia ya pwani, na basi hilo halifiki. Ukiwa ndani geukia nchi kavu utaona kilima kinachoitazama ngome kwa juu. Kuta nene zaidi zimeelekezwa baharini, na 1690 jeshi la John Churchill, jemadari wa Uingereza, lilikuja kwa upande wa kilima, likaiteka kwa siku 13.

Na Midleton, kwa treni ileile inayoachana na ya Cobh, watu huenda kutazama kiwanda cha zamani cha wiski. Mimi ningewapeleka kwanza Bailick Park. Kuna manyoya 9 ya chuma kisichoshika kutu, marefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, yamesimamishwa duara kama bakuli. Yanawakumbuka Wachoctaw, wenyeji asilia wa Marekani, ambao 1847, miaka michache baada ya kufukuzwa kwenye ardhi yao, walichanga fedha kuwasaidia Waayalandi waliokuwa wanakufa njaa. Hakuna kiingilio wala saa ya kufunga.

Kwa yote haya usiku tatu Cork zinatosha: siku ya mjini, siku ya Cobh na Spike, na siku ya kuchagua kati ya Blarney, Kinsale na Midleton. Siku ya Spike iwekwe mapema, ili feri ikisitishwa kwa upepo ubaki na siku ya akiba. Kama nafasi gazetini ni finyu, Ndugu Mhariri, nawaomba mchapishe angalau sehemu ya viza na ile ya treni ya Cobh, kabla wasomaji wa msimu huu hawajalipia basi la Dublin.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa safari